Pua ya Rusana

Kule Gorno Vrabche, pua ya Bibi Rusana iliheshimiwa kuliko mwenyekiti wa kijiji. Mwaka ule kisima cha chini kilipokauka, aliinama akanusa ardhi, akasema chimbeni hapa. Wakachimba, na maji yakaruka juu yakaangusha kofia ya kasisi. Mvua aliinusa ikiwa bado ng'ambo ya mto Danube. Mumewe marehemu, Dobri, hakuwahi kuficha chupa ya rakia, ile pombe kali ya matunda, ikapita nusu saa; mara moja aliizika ndani ya samadi ya punda, na Rusana akatoka na jembe akaifuata moja kwa moja huku akipiga mluzi. Watu walimletea jibini waliyoitilia shaka, pipa la kabichi ya siki, hata bwana harusi mmoja aliletwa anuswe, na harusi haikufanyika.

Ndiyo maana hakuna aliyejua kwamba pua ile imekufa.

Ilikufa kwa homa, majira ya baridi matatu yaliyopita. Rusana alitoka kitandani akiwa mwembamba kama uzi, akateleka maziwa, akakaa kwenye kiti chake na kusinzia. Alipofumbua macho jikoni palikuwa peupe kwa moshi na sufuria imeungua mpaka kitako, naye hakusikia harufu yoyote. Akanusa siki. Akanusa soksi za marehemu zilizokuwa sandukuni. Hakuna kitu. Dunia ilikuwa imefungwa mlango.

Hakumwambia mtu, na sababu ilikuwa moja tu. Binti yake Milka alikuwa ughaibuni, Valencia, na mumewe, wakipanga machungwa kwenye masanduku, na kila masika walimleta mtoto wao Vesela akae na bibi yake miezi miwili. Hiyo miezi miwili ndiyo iliyomfanya Rusana avumilie ile kumi. Na Milka alikuwa amekwisha kuanza kutafuta sababu. Mara ngazi ni mbovu, mara jiko la kuni ni hatari, mara mama umri umeenda. Akisikia kwamba mama hanusi hata moto, mtoto haji tena.

Basi Rusana akadanganya. Akiletewa jibini aliipeleka puani, akafumba jicho moja, na kwa lile la pili akamtazama mwenye jibini. Mtu mwenye jibini mbovu anajijua. Hutazama kando kabla hata hujafungua kitambaa. Kwa njia hiyo Rusana alimaliza miaka mitatu bila kukosea hata mara moja, na sifa yake ikazidi.

Lakini jani halina uso wa kusomwa.

Kuna jani la masika linaloitwa kitunguu cha dubu, kwa sababu dubu akiamka kwenye pango lake, kabla hajanawa uso, hilo ndilo analolitafuta. Ni pana, laini, la kijani kibichi, na ukilisugua linanuka kitunguu saumu. Ukilikatakata ukalichanganya na jibini nyeupe ya chumvi na mayai, ukaliviringisha ndani ya matabaka ya unga, ukaoka, unapata banitsa ambayo kwa ajili yake watu wa Gorno Vrabche wameshawahi kuacha mazishi katikati. Hiyo ilikuwa banitsa ya mama yake Rusana, na ya mama yake huyo mama. Hakuna aliyeiandika popote, kwa kuwa ilikaa mikononi.

Ila jani hilo lina pacha. Pacha huyo anaota msitu uleule, kivuli kilekile, na kabla hajatoa maua yake meupe huwezi kumtofautisha kwa kumtupia jicho tu. Jina lake ni zuri mno, machozi ya mwali, na anasimamisha moyo. Mama yake Rusana alimfundisha kwamba kila jani liulizwe: moja moja, chini ya pua, bila haraka. Kulikuwa na nyumba moja kule kwenye kinu ambayo watu wake walikaa kula wakiwa sita, na aliyebaki wa kufunga mlango alikuwa paka.

Kwa hiyo tangu homa ile, Rusana alikuwa akipika banitsa ya jibini tupu na kusema kwamba magoti yamekataa msitu.

Masika haya Vesela alifika akiwa ametimiza miaka mitano, ameng'oka jino moja la mbele, na kabla hajavua koti akasema mama amemwambia banitsa ya kweli ni ile ya kitunguu cha dubu, naye amekuja kujifunza. Rusana akasema magoti. Vesela akasema atamshika mkono. Kwa siku nne Rusana alikataa, na kwa siku nne mtoto alimtazama kama mtu aliyenyimwa urithi. Siku ya tano, wiki moja kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Georgi, Rusana aliwaza hivi: nyumba hii ina pua mbili, moja imekufa na moja iko hai. Basi ile iliyo hai ifanye kazi.

Wakaenda msituni na vikapu viwili, kikubwa na kidogo. Rusana akamwonyesha mtoto namna ya kulisugua jani na kulinusa. Vesela alipolisikia alikunja uso wote akacheka, na Rusana akacheka naye, huku moyoni akiwa kama mtu anayevuka mto juu ya barafu ya mwezi wa tatu. Alijitahidi kuchuma penye kitunguu cha dubu tu, mahali alipopajua tangu utoto. Lakini Vesela alikuwa na miguu yake na kikapu chake. Alikimbia mbele, akapotelea nyuma ya vichaka, akarudi kikapu kimejaa. Walipofika nyumbani, kabla bibi hajasema neno, akakimwaga kile kidogo juu ya kile kikubwa.

Rusana akaangalia lile lundo, akasema, “Haya. Kila moja puani. Likinuka, vunja kikonyo utupe kwenye ndoo ya kuku, jani unipe mimi. Lisiponuka, uniambie.”

Yeye akageukia unga uliokandwa, na unga ule hautaki mtu wa kugeuka-geuka. Unausukuma kwa kifimbo chembamba kirefu kama mkono, kisha unauweka juu ya ngumi mbili na kuuvuta taratibu mpaka unaweza kusoma kupitia kwake barua ya mapenzi ya jirani. Ukiacha kidogo unakauka, ukishtuka unachanika. Vesela alikaa kwenye kigoda, lundo la majani mbele yake na bakuli la jibini ubavuni.

“Linanuka?” Rusana aliuliza.

“Linanuka.”

“Linanuka?”

“Linanuka, bibi.”

Wakaenda hivyo kwa muda mrefu, kama watu wanaoimba. Kisha sauti ya mtoto ikaisha, kwa kuwa mdomo ulikuwa umejaa jibini ya wizi, akawa anajibu kwa kichwa.

Pale kijijini na nchi nzima, kichwa kikiyumba bega hadi bega maana yake ni ndiyo, na kikinyanyuka juu na kushuka ni hapana. Kule alikozaliwa Vesela ni kinyume chake. Siku ya pili tangu afike, mwenye duka alimuuliza kama anataka peremende, akaitikia kwa kichwa cha Kihispania, mwenye duka akarudisha mtungi wa peremende kwenye rafu. Mtoto alilia njia nzima. Tangu hapo Rusana alimfundisha mbele ya kioo kila asubuhi, wakiyumbisha vichwa wote wawili kama bata, na mtoto alikuwa akijifunza vizuri. Leo alipatia, kesho alikosea.

“Linanuka?” Rusana aliuliza, unga ukiwa juu ya ngumi zake. Kichwa kikayumba bega hadi bega. Rusana akafurahi kwamba sasa huyu amekuwa mtu wa huku, akamwambia alitupe kwenye sufuria. Na lingine. Na lingine.

Banitsa ikaiva, ikafura, ikawa ya rangi ya mgongo wa mbweha. Rusana aliila kwa kumbukumbu tu, maana mtu asiye na pua hata ulimi wake ni nusu. Alisikia chumvi, joto na ukavu wa matabaka yakivunjika. Akala vipande viwili. Vesela akala kimoja na kingo za vingine viwili.

Hapo ndipo jirani yake Trendafila alipoingia. Trendafila hakuwahi kubisha hodi maishani mwake. Alisema kubisha ni kwa watoza ushuru. Akatangaza kwamba ameinusa banitsa tangu nyumbani kwake, akavuta kiti, akajikatia kipande, na huku akikipuliza akamuuliza Vesela kama kweli amesaidia au alikuwa akila jibini tu.

“Nimenusa majani yote,” Vesela akasema. “Yaliyonuka nilisema ndiyo, na yasiyonuka nikasema hapana.”

“Kwani yapo yasiyonuka?”

“Mengine. Lakini nilikuwa na jibini mdomoni, nikasema kwa kichwa.”

Trendafila akacheka. “Kichwa cha wapi hicho, bibie? Cha huku au cha kwenu?”

Mtoto akafikiri, maana lilikuwa swali la haki. “Ndiyo cha huku, hapana cha kwetu,” akasema, na ili aeleweke akakiyumbisha bega hadi bega mara mbili.

Rusana alikuwa amesimama kando ya jiko na kitambaa mkononi. Aliona kila kitu tena tangu mwanzo, yale majani yakipita hewani kuingia sufuriani, na mikono yake ikiyasukuma chini. Majuto ni mjukuu, husema watu, na wake alikuwa pale mezani akilamba vidole.

Trendafila hakushtuka hata kidogo. Alisema basi ni bahati yao kwamba bibi ana pua ya kutosha wilaya nzima, akatia tonge la kwanza mdomoni, akatafuna, akasifu.

Hapo Rusana alinyamaza. Ni lazima lisemwe, kwa kuwa yeye mwenyewe baadaye alilisema kwa kila aliyetaka kusikia na kwa asiyetaka. Alinyamaza muda wa tonge moja. Katika tonge hilo aliwaza kwamba labda yalikuwa majani ya kitunguu yaliyosinyaa, yasiyo na harufu. Kwamba tumbo lake limetulia. Kwamba akisema neno, nyumba hii haitasikia tena miguu ya mtoto. Alilisikiliza tumbo lake kama mtu anayesikiliza mlango. Kisha Trendafila, tonge la kwanza likiwa bado shavuni, akanyanyua uma mara ya pili.

“Weka chini, Trendafila.”

“Unanibania chakula leo?”

“Weka chini. Sina pua.”

“Huna nini?”

“Sina pua. Tangu ile homa. Sisikii harufu hata ya moshi. Aliyenusa ni mtoto.”

Trendafila akalitema tonge kiganjani. Alimtazama mtoto, akatazama sinia, akainuka na kwenda kwenye simu. Walimwambia gari la wagonjwa liko upande wa pili wa mlima, limebeba mtu aliyeanguka kwenye paa. Kama wana gari waje wenyewe, na walete chochote kilichobaki.

Wakaimwaga ndoo ya kuku mezani. Trendafila akaanza kunusa vikonyo kimoja kimoja, lakini ndoo nzima ilinuka kitunguu, na vidole vyake vilinuka kitunguu, na baada ya vikonyo vitano hakujua tena ananusa nini. Rusana akamsukuma kando. Akafumba macho, akatumia ncha za vidole. Jani la kitunguu cha dubu huja na kikonyo chake peke yake, chembamba, lenyewe na upweke wake. Machozi ya mwali huja mawili mawili, moja limemfunika mwenzake kama mama aliyefunga mtoto kwa shuka. Alipitisha vikonyo vingi kati ya vidole, vyote pweke, na kwa kila kimoja akapumua. Kisha akagusa kimoja kinene, chenye kingine ndani yake. Akakiweka kando. Akapata cha pili. Akapata cha tatu. Aliendelea mpaka mwisho, akarudia tangu mwanzo, na vilibaki vitatu.

“Majani sita,” akasema. Yalikuwa kwenye sinia, au tumboni mwake, au tumboni mwa mtoto, na hakukuwa na mtu duniani wa kumwambia ni wapi.

Gari la Trendafila lilikuwa lile la marehemu mumewe la kubebea nyasi, na aliliendesha kama anayekwenda kuzuia harusi. Rusana alimpakata Vesela, sinia likiwa miguuni na vikonyo vitatu vimefungwa kwenye leso. Njia ile ina kona tisini na mbili, na mbuzi wa kule huteremka wakiwa wamefumba macho. Aliweka kidole gumba kwenye shingo ya mtoto, pale panapodunda, akawa anafuata. Inadunda. Inadunda. Kwenye kona ya tatu Vesela alitapika juu ya sketi ya bibi yake.

Sasa, Vesela hutapika siku zote kwenye kona ya tatu. Alitapika walipokuja kutoka uwanja wa ndege, na mwaka uliotangulia pia. Lakini leo nani angejua ni kona au ni jani? Trendafila aliuliza, akitazama mbele, matapishi yana rangi gani, na Rusana akajibu rangi ya banitsa. Naye mwenyewe alisikia kichefuchefu kikimpanda, akashindwa kujua kama ni sumu, au kona, au woga, kwa sababu vyote vitatu hukaa chumba kimoja.

“Bibi,” Vesela akasema, “nimekosea?”

“Hapana, roho yangu. Wewe ulisema sawa. Mimi ndiye niliyesoma vibaya.”

Hospitalini daktari alikuwa msichana mdogo mwenye macho ya mtu asiyelala. Rusana alimweleza yote bila kuficha: pua, homa, kichwa, majani sita. Alikuwa ametegemea kugombezwa. Daktari aliuliza saa ya kula tu, na vipande vingapi kila mmoja, akachukua leso, akaondoka mbio. Wakamnywesha mtoto maji meusi ya makaa, na Rusana vilevile, wakawalaza kwenye vitanda viwili sambamba, nyaya zimebandikwa vifuani kama watu waliotegwa. Juu ya kila kitanda kulikuwa na kioo chenye mstari wa kijani ulioruka-ruka.

Akaomba simu kabla hawajamfunga mkono kwa sindano ya maji.

Milka hakupiga kelele. Rusana alisema yote kwa mkupuo, kama mtu anayevua bandeji, na upande wa pili zikasikika mashine za kupangia machungwa zikizunguka.

“Tangu lini?” Milka akauliza.

“Majira ya baridi matatu.”

“Na kila mwaka nilikuletea mtoto.”

“Uliniletea.”

“Nakuja,” Milka akasema, na simu ikakatika.

Saa kumi jioni mstari wa Vesela ulianza kuruka polepole. Rusana aliuona kabla ya kengele kulia. Kati ya mruko na mruko palikuwa na uwanda mrefu, na yeye akawa anausukuma kwa macho ule mstari, upande, upande, kama mtu anayesukuma punda kwenye mlima. Daktari alikuja mbio na wengine wawili, wakafunga pazia katikati. Rusana aliachwa na kitambaa cheupe mbele ya uso. Moyo wake mwenyewe nao ulikuwa umechelewa, walimwambia baadaye, ila yeye hakujali. Aliusikiliza kwa faida ya mtoto tu, akijua kwamba jani ni lile lile, na lililo kwake dogo kwa mtoto ni kubwa. Hakuomba kwa maneno. Alisema tu, ndani kwa ndani, chukua huku, huku kuna moyo mkuukuu, chukua huku.

Pazia lilifunguliwa kesho yake asubuhi. Vesela alikuwa ameketi, midomo myeusi kwa makaa kama mla zambarau, akidai maji matamu. Saa sita mchana daktari alisema hatari imepita. Trendafila, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la korido tangu jana akiwasimulia wagonjwa wote, alilia kwa sauti mpaka akatolewa nje.

Milka alifika alasiri. Alimshika mtoto, akamnusa kichwa, akamnusa shingo, muda mrefu, na Rusana aliyekuwa kitanda cha pili akageuza uso ukutani, kwa kuwa hilo yeye hakuweza tena kulifanya. Baada ya siku tatu waliondoka. Milka alimbusu mama yake paji la uso bila kumtazama. Alisema masika yajayo wataona. Rusana angependa agombezwe, avunjiwe hata sahani, hayo angeyajibu.

Gari lilipopotea kwenye kona ya kwanza, Rusana alishusha pumzi, na pumzi hiyo ikamtisha. Ilikuwa pumzi ya nafuu. Mtoto alikuwa akienda mbali na mikono yake, na yeye alifurahi.

Akaingia ndani, akateremka kwenye chumba cha chini kuchukua kuni. Rafu zilikuwa zimejaa: pilipili za kuokwa zilizosagwa, uyoga wa siki, nyanya, kachumbari. Mitungi ya miaka mitatu. Uyoga aliuchuma mwenyewe, akauamulia kwa macho. Pilipili alizifunga bila kujua kama zimeanza kuharibika. Akasimama na kuni mkononi, akakumbuka kwamba kila vuli alikuwa akiwapelekea Valencia boksi zima.

Alipanda ngazi kwa mikono na magoti. Alisubiri mpaka kesho yake mchana, walipofika kwao, akapiga simu.

“Milka, mitungi yangu bado mnayo?”

“Ipo kabatini. Vesela anataka ile ya pilipili.”

“Asiiguse. Imwage yote. Sikujua nilichokuwa nafungia, mwanangu. Miaka yote mitatu sikujua.”

“Mama, ni mitungi ishirini na kitu.”

“Imwage sasa, na simu usiifunge. Nataka kusikia.”

Kiti kikaburutwa. Kifuniko cha kwanza kikafunguka kwa mshindo mdogo, kitu kizito kikaanguka kwenye sinki, maji yakafunguliwa. Kikaja cha pili. Milka hakukata simu. Rusana aliibana sikioni kwa mikono yote miwili, na kila mtungi uliomwagwa aliujua, wa mwaka gani na wa shamba gani, akasubiri unaofuata.